Kubaki nyumbani wakati wa janga: Ushauri wa mjini hautoshi Nalasi

Na Mwandishi Wetu

KILA janga la maradhi linapobisha hodi, agizo la kwanza ambalo wananchi hupewa ni kutulia nyumbani. La pili, ambalo huja siku chache baadaye, ni kuwataka wasikate tamaa wakiwa humo ndani.

Agizo hilo la pili ndilo linalostahili kuchunguzwa. Lilisikika sana mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa Covid-19, na bila shaka litasikika tena siku nyingine. Swali la kujiuliza ni hili: nyumba iliyokuwa akilini mwa watoa ushauri ilikuwa nyumba ya nani?

Wengi wao walikuwa wakiifikiria nyumba ya mjini, yenye sebule, televisheni, jokofu, geti la kufunga na simu yenye kifurushi cha intaneti. Aliyefungiwa humo aliambiwa afanye mazoezi, asome vitabu, ajifunze mapishi mapya na azungumze na jamaa zake kwa njia ya video.

Si ushauri mbaya. Lakini hebu tuuchukue tuupeleke Nalasi, kusini mwa Wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, upande wa mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Kutoka Songea, makao makuu ya mkoa, hadi mjini Tunduru pekee ni zaidi ya kilomita 250, na hapo safari ya kwenda Nalasi ndiyo kwanza inaanza.

Katika vijiji vya huko, nyumba ni mahali pa kulala na kuhifadhi mali. Maisha yenyewe yako uani, barazani, shambani, msikitini na sokoni. Korosho ndiyo inayowapa wakulima fedha, na mpunga, mahindi na mihogo ndiyo inayowapa chakula. Kumwambia mtu wa namna hiyo akae ndani kuanzia asubuhi hadi jioni ni sawa na kumwambia asimamishe maisha.

Ni vyema tukakumbushana yaliyotokea. Machi 16, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kupatikana kwa mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini, mkoani Arusha. Siku iliyofuata, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule na kusitishwa kwa mikusanyiko, ikiwamo ya michezo. Vyuo navyo vikafungwa.

Hata hivyo, Tanzania haikuwafungia wananchi wake majumbani. Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alikataa hatua hiyo kwa hoja kwamba ingeua uchumi na kuwaumiza watu wa kipato cha chini. Masoko yaliendelea, mabasi yaliendelea, na nyumba za ibada hazikufungwa.

Majirani zetu walichagua njia nyingine. Rwanda ilianza kuwazuia watu majumbani Machi 21, 2020. Uganda ikafuata mwishoni mwa mwezi huo. Kenya ilianza amri ya kutotembea usiku Machi 27, 2020, na haikuiondoa hadi Oktoba 20, 2021. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji ilianza kutekeleza hali ya hatari Aprili 1, 2020.

Ilikuwa katika siku hizo ambapo Rais Yoweri Museveni wa Uganda, akiwa na umri wa miaka 75, alionekana katika video akipiga pushapu ndani ya ofisi yake ili kuwahimiza wananchi wafanye mazoezi bila kutoka nje. Mwezi mmoja kabla, dunia iliwaona Waitalia wakiimba kutoka kwenye roshani za maghorofa yao ili kutiana moyo.

Mambo hayo yaliwachangamsha watu. Lakini mwishoni mwa Machi 2020, jijini Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, wakati polisi wakisimamia amri ya kutotoka nje usiku. Roshani moja ilikuwa jukwaa la nyimbo, nyingine ikawa mahali pa msiba. Ni dhahiri kwamba neno nyumbani halibebi maana moja kwa watu wote.

Je, kwa kuwa Tanzania haikufunga watu, basi suala hili halituhusu? Hapana. Lipo kundi moja ambalo nchini kwetu lilirudishwa nyumbani kwa amri, nalo ni wanafunzi. Shule zilifungwa kuanzia katikati ya Machi hadi Juni 29, 2020, isipokuwa kidato cha sita, ambao pamoja na wanafunzi wa vyuo walirejea Juni mosi. Hizo ni zaidi ya siku 100.

Katika siku hizo, masomo yalirushwa kupitia redio na televisheni. Mtoto wa Dar es Salaam mwenye televisheni sebuleni aliweza kuendelea kidogo. Mtoto wa kijijini, ambaye redio ya nyumbani ni ya baba na betri zake hununuliwa pale fedha zinapopatikana, alikuwa na kazi ngumu zaidi ya kuufuata mtaala.

Lakini mtoto huyo huyo alikuwa na kitu ambacho mwenzake wa mjini alikikosa. Ukanda wa Ruvuma hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, na miezi ya Aprili, Mei na Juni ni miezi ya mavuno. Kuna ndege wa kufukuzwa mashambani, mpunga wa kukatwa na mahindi ya kuvunwa. Baada ya hapo huja zamu ya mikorosho kupuliziwa salfa.

Hapa ndipo tunapopata jambo la kwanza kuhusu kutunza moyo. Mtu hanyong'onyei kwa sababu tu ya kukaa nyumbani. Hunyong'onyea pale siku yake inapokosa umbo, asubuhi isipotofautiana na jioni, na anapoona hakuna anayemhitaji. Mwenye kazi ya kuamkia, hata ikiwa ndogo, ana sababu ya kuinuka kitandani.

Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo, katika mwongozo wake wa Machi 2020 kuhusu afya ya akili, liliwashauri watu waliojitenga waendelee na ratiba zao za kila siku kadiri inavyowezekana. Mkulima hakuhitaji kuusoma mwongozo huo ili kuutekeleza. Kwake ratiba hupangwa na jua na mvua.

Tahadhari inahitajika hapa. Kazi za nyumbani zinazomtuliza mtoto kwa wiki tatu zinaweza, zikiendelea kwa miezi, kumfanya asahau njia ya shule. Kwa mtoto wa kike hatari ni kubwa zaidi, kwani anayeonekana hana shughuli huanza kuhesabiwa kuwa yuko tayari kuolewa. Nchini Uganda, ambako shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022, baadhi ya madarasa yalikaa nje karibu miaka miwili, na wapo wasichana waliopata ujauzito na hawakurudi tena.

Kwa upande wetu, ilikuwa Novemba 2021 tu ambapo Serikali ilitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wangeruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi wa shule. Kabla ya hapo, binti aliyepata ujauzito shule zilipokuwa zimefungwa hakuwa na mlango wa kurudia. Hakuna mazoezi wala mapishi mapya yanayoweza kumpa matumaini mtu ambaye kesho yake imefungwa kwa kanuni.

Jambo la pili ni habari za kweli. Mwongozo huo wa WHO uliwataka watu wapunguze kufuatilia habari zinazowatia hofu, watafute taarifa kwa nyakati maalumu na kutoka vyanzo wanavyoviamini. Ushauri huo una sharti lisilosemwa, kwamba chanzo cha kuaminika kipo na kinazungumza.

Itakumbukwa kwamba takwimu za mwisho zilizotolewa mwaka 2020 zilionyesha wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo ukimya ulitanda. Mwezi Juni, Rais Magufuli alitangaza kuwa ugonjwa umeondoka nchini kwa nguvu za Mungu, baada ya maombi ya kitaifa yaliyofanyika Aprili.

Watetezi wa msimamo huo husema hofu inaua kuliko ugonjwa, na kwamba Watanzania walibaki na utulivu wakati wenzao walikuwa wakihangaika. Hoja hiyo isipuuzwe. Ni kweli kwamba hofu ni mzigo, na ni kweli kwamba mama lishe aliyeendelea kuuza chakula hakulala na njaa.

Lakini utulivu unaotokana na kutojua haudumu. Mtu anayeona jirani yake akishindwa kupumua, kisha akaambiwa ugonjwa haupo, hapati amani. Hupata mashaka, na mashaka huzaa uvumi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2021. Baada ya kuapishwa Machi 19 mwaka huo, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu kutathmini hali ya ugonjwa, na Julai 28 alichanjwa hadharani. Hata hivyo, wapo waliosita kuchanjwa. Imani iliyopotea kwa mwaka mzima hairejeshwi kwa sindano moja mbele ya kamera.

Jambo la tatu ni watu. Katika jamii za Tunduru, ambako Wayao wengi ni Waislamu, mwaka hupimwa pia kwa mikusanyiko: swala ya Ijumaa, futari, Idi, jando na unyago, arusi na matanga. Ramadhani ya mwaka 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili, katikati ya hofu. Mwaka huo hata Hija yenyewe ilifanywa na mahujaji wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia.

Kwa mtu wa mjini, kukosa arusi ni kukosa sherehe. Kwa kijiji, kukosa matanga ni kukosa tiba. Matanga ndiko mfiwa anakokaliwa na wenzake, akapikiwa, akasikilizwa na kuchekeshwa na watani hadi akarudiwa na nguvu. Ukiyafuta bila kuweka kitu mahali pake, unamwacha mfiwa peke yake na maumivu.

Hata mpira una nafasi yake. Ligi Kuu ilisimama Machi 2020 na kurejea Juni 13. Simba walipotwaa ubingwa Juni 28, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, redio zilirudisha ubishi wa Simba na Yanga vijiweni. Ubishi huo unaweza kuonekana upuuzi, lakini kwa wengi ulikuwa dalili ya kwanza kwamba maisha yanarejea.

Gharama ya kupuuza mambo hayo inajulikana. Machi 2022, WHO ilieleza kuwa matatizo ya wasiwasi na sonona yaliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga. Vijana na wanawake walitajwa kuwa miongoni mwa walioathirika zaidi.

Wapo watakaosema Covid-19 ni historia, kwa kuwa WHO ilitangaza mwisho wa dharura hiyo Mei 5, 2023. Wanasahau kwamba ugonjwa wa Marburg ulizuka mkoani Kagera Machi 2023 na ukaua watu sita, kisha ukarudi mkoani humo, wilayani Biharamulo, Januari 2025. Ugonjwa huo unapozuka, waliokutana na mgonjwa hutakiwa kujitenga na kufuatiliwa kwa siku 21. Hao nao ni watu wanaohitaji kutiwa moyo.

Nini kifanyike? Kwanza, mipango ya dharura ya wilaya itaje wazi nani atawatembelea waliojitenga na kuzungumza nao kutoka umbali salama. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenyeviti wa vitongoji, maimamu, wachungaji na makungwi wanajulikana kila kijiji. Hao ndio wanaosikilizwa kabla ya bango lolote kutoka wizarani.

Pili, takwimu zitolewe kila siku, ziwe nzuri au mbaya, kwa Kiswahili cha kueleweka na kwa redio. Namba 199 ya huduma za afya na 116 ya kuwasaidia watoto ni za bure, lakini namba isiyojulikana na mtoto wa Nalasi haina thamani kwake.

Tatu, shule zikilazimika kufungwa, mwalimu asipotee pamoja na daftari lake. Awe na orodha ya wanafunzi wake na kujua kila wiki nani yuko wapi, hasa mabinti. Kuulizwa hali na mwalimu mara moja kwa wiki kunaweza kumshawishi mtoto kwamba shule bado inamsubiri.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji mkopo kutoka nje. Yanahitaji kukubali kwamba moyo wa mtu ni sehemu ya afya yake, na kwamba hauinuliwi kwa kuambiwa tu usihuzunike. Huinuliwa na kazi ya kufanya, ukweli wa kuuamini na mtu wa kubisha hodi.

Janga lijalo halitatuuliza kama tumejiandaa. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya kukata tamaa huandaliwa sasa, wakati bado tunaweza kukaa barazani pamoja bila kuogopana.