Aliyeanguka Mwembeni Asiketishwe

Msimu wa maembe umekaribia, na vijana watapanda miti kama desturi yao. Nawaandikia jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea. Mwaka mmoja kijana wa jirani aliteleza mwembeni, akaangukia kichwa. Tulimkuta amelala, anasema, anachezesha vidole. Sisi kwa huruma tukamshika makwapa, tukamketisha ili tumpe maji. Shingo ikalegea upande, na vidole vikanyamaza papo hapo. Mmoja wa waliomshika nilikuwa mimi.

Baadaye niliuliza, nikaelezwa. Shingo ya mtu ina pingili 7 za mfupa (twiga naye, pamoja na urefu wake wote, anazo 7 tu). Katikati ya pingili hizo hupita mshipa mnene wa fahamu utokao ubongoni, upelekao amri kwenye mikono, miguu, na hata kwenye pumzi. Pingili ikivunjika, huenda mshipa bado ni mzima. Mfupa huunga, mshipa ule ukikatika hauungi. Tena msidanganyike mtu akiinuka na kutembea, maana wako waliotembea na shingo imevunjika. Akisema shingo yauma au mikono ina ganzi, mlazeni.

Basi, mmoja apige magoti penye kichwa, akishike kwa mikono miwili kisicheze, wala asikivute. Asikiachie njia nzima. Wengine walete mlango au ubao mpana, na huyo wa kichwani akihesabu, wote wamgeuze pamoja kama gogo. Akitapika, mgeuzeni ubavu vivyo hivyo. Asipopumua, pumzi ndiyo kwanza: sukumeni taya mbele bila kukunja shingo. Asipewe chakula wala maji. Pikipiki haifai kabisa. Afadhali kungoja gari.

Hospitalini hupigwa picha ya eksirei. Wengine huvikwa kola ngumu kwa majuma 6 hata 12. Wengine huvutwa kichwa kwa uzito, ama hupasuliwa na kufungwa vyuma. Aliyekufa ganzi hugeuzwa kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulalia, na kazi hiyo jamaa zake huiendeleza nyumbani.

Hapa parokiani tumeweka ubao wa urefu wa mtu nyuma ya mlango wa ofisi yangu. Anayeuhitaji usiku agonge dirisha.