Grupu la WhatsApp Sio Mkutano wa Kijiji

Najua nimepotea kidogo hapa kijiweni, si mnajua tena, nilikuwa BTP kule nyumbani Rungwe, na niliporudi chuo nikakuta testi zimepangana kama mabasi stendi. Namshukuru Mungu nipo mzima. Leo sitaongelea boom wala msosi wa kafeteria. Nataka tuongee jambo moja limenikaa kichwani tangu nikiwa kule: jinsi vijiji vyetu vinavyoamua mambo yake tangu ile korona ipite. Najua wapo watakaosema huyu naye kaanza siasa. Ngoja kwanza, soma mpaka mwisho ndio unipige mawe.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Korona ilitufanya tusimamishe mikutano, na hilo lilikuwa sawa. Ila ilipokwisha, sehemu nyingine mikutano haikurudi kama ilivyokuwa. Imerudi taarifa. Watu wachache wanaamua kwenye simu, halafu wengine tunatangaziwa. Na wanaoumia zaidi ni wale wale ambao sauti yao ilikuwa inasikika mkutanoni tu.

Kwa wale waliokuwa wanasinzia kwenye Uraia (najijua nawasema akina nani, teh teh), turudi nyuma kidogo. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa kuanzia miaka 18. Haijasema mwenye nyumba ya bati, haijasema mwenye simu. Mkutano huo ndio wenye kauli ya mwisho kwenye mambo ya kijiji. Halmashauri ya kijiji, ambayo ni watu 15 mpaka 25, inafanya kazi chini yake. Mkutano wa kawaida unatakiwa kila miezi mitatu, yaani mara nne kwa mwaka. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, imeweka kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie. Sasa fikiria uzito wa hilo kwa wilaya kama Rungwe, ambako kila kipande kina mgomba, chai, viazi au parachichi, na ndugu watano wanakiangalia.

Haya mambo hayakuja hivi hivi. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchi hii, maamuzi yakawa yanashuka kutoka juu. Zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na zikaanza kazi tena 1984. Katiba nayo, ibara ya 146, ikasema kabisa kuwa serikali za mitaa zipo ili madaraka yafike kwa wananchi. Kwa hiyo mzee wa miaka 75 pale Tukuyu ameishi vyote viwili, wakati wa kuamuliwa na wakati wa kuamua, na anajua tofauti yake kuliko sisi tunaoisoma kwenye madesa.

Sasa tuje kwenye korona. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza shule zifungwe siku 30 na mikusanyiko isiyo ya lazima isimame. Mimi nilikuwa kidato cha nne, tukabeba magodoro kurudi nyumbani tukidhani ni likizo fupi. Vyuo na kidato cha sita vikafunguliwa tarehe 1 Juni, shule nyingine tarehe 29 Juni. Kufika Agosti kampeni za uchaguzi mkuu zikaanza na viwanja vikajaa watu mpaka uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020. Nataka mlishike hilo. Kama mwaka ule ule tuliweza kusimama maelfu kwenye kiwanja kusikiliza mgombea, basi hakuna aliyeshindwa kuita watu mia mbili chini ya mti kusikiliza mapato na matumizi ya kijiji. Sababu ilishakwisha, ila utamu wa kutoitisha mkutano ulishaonjwa.

Halafu likaja jambo lingine ambalo lenyewe lilikuwa jema. Tarehe 10 Oktoba 2021 Rais Samia alizindua pale Dodoma mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, fedha zake ni mkopo wa IMF wa kama shilingi trilioni 1.3. Humo yakatoka madarasa 15,000, kati ya hayo 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, milioni 20 kila darasa, na yatumike Januari 2022. Kila mtu anayakumbuka, yale tunayoyaita madarasa ya UVIKO. Sina ugomvi nayo hata kidogo, mwanafunzi wa ualimu gani atagombana na darasa? Ila angalieni yalivyojengwa. Pesa ilikuja na idadi yake, na ramani yake, na tarehe yake ya mwisho. Kijijini kilichobaki kujadiliwa ni kamati iwe ya nani na mawe yasogezwe lini. Kwa kazi ya haraka vile ilibidi iwe hivyo, sawa. Ninachosema mimi ni kwamba mwaka 2020 tulizoea kutokukutana, 2021 tukazoea kukutana ili kuambiwa. Ukichanganya hivyo viwili unapata kile nilichokikuta BTP.

Nilipangwa shule moja ya kijijini, jina la kijiji nalihifadhi. Wiki ya kwanza tu nikaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la maendeleo ya kijiji, maana mwalimu ni mwalimu hata akiwa wa wiki nane. Siku moja saa tatu usiku ukaingia ujumbe: kamati imependekeza shule ijengewe uzio, kila kaya itoe shilingi 10,000, asiyekubali aandike hapa, kimya ni kukubali. Watu kama kumi na moja wakaweka dole gumba. Mmoja akatuma stika ya mtoto anacheza. Asubuhi ukaja ujumbe wa pili, "wananchi wameridhia." Jamani! Wananchi gani? Kati ya waliokubali, watatu najua wanaishi Dar, mmoja yuko Tunduma na biashara zake.

Jirani na nilipopanga kulikuwa na bibi mmoja, mjane, ana kitochi chake cha kupokea simu za wajukuu basi. Alipoletewa daftari la michango akaja kuniuliza, "Mwalimu, huyo Grupu ndio nani, anakaa kitongoji gani?" Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Shilingi 10,000 kwake ni mikungu ya ndizi, na ndizi zenyewe ukiuza msimu wa mvua unapewa bei ya kutupa. Lakini hakulalamikia hela. Alichosema ni kwamba uzio ukipita pale walipopima, utaziba njia ya kwenda bombani, ile inayokatisha nyuma ya shule. Kweli bwana. Nguzo ziliposimama njia ikazibwa, na kina mama wakaanza kuzunguka na ndoo kwa kule barabarani, kwenye utelezi ule wa Rungwe mnaoujua. Kwenye lile grupu hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuwaza habari ya bomba. Wangewaza vipi, wakati wanaochota maji hawamo?

Mnaona ninakoelekea. Watu wanadhani mkutano ni sehemu ya kupiga kura tu, kwa hiyo ukiweza kupiga kura kwa dole gumba, mkutano wa nini tena. Mkutano ni sehemu ambayo mtu anayejua jambo usilolijua anasimama anakwambia. Bibi angenyanyua mkono, fundi angesogeza kamba mita tano, hadithi ingeishia hapo.

Najua majibu yenu, na mengine yana ukweli. La kwanza, watu hawaji mkutanoni. Ni kweli, nimeona mkutano umeitwa saa tatu asubuhi unaanza saa saba mchana na watu hawajai hata madawati manne. Lakini jiulize, mtu aende kufanya nini kama anajua kila kitu kimeshapangwa? Halafu unaita mkutano siku ya kuchuma chai, unategemea nani aje? La pili, grupu linawaunganisha walio mbali na wao ndio wanachangia hela nzuri. Hilo nalo kweli, na tuwashukuru. Ila sheria inasema mkazi wa kijiji. Aliyeko Mbagala atoe ushauri, atoe na laki yake kama anayo, lakini asimpangie mchango mjane aliyeko Rungwe. La tatu, dunia imebadilika, ni mambo ya teknolojia. Hapo ndio nataka niwapeleke Uingereza kidogo.

Uingereza korona ilipoingia, sheria yao ilikuwa hairuhusu madiwani kukutana kwa video. Aprili 2020 wakawekewa kanuni ya muda ya kuwaruhusu, na ikaandikwa kabisa mwisho wake, Mei 2021. Labda mliiona ile video ya halmashauri ya Handforth iliyosambaa Februari 2021, madiwani wanafokeana kwenye Zoom na Jackie Weaver anawatoa mmoja mmoja. Tulicheka sana. Lakini muda wa kanuni ulipokaribia kuisha, walioutaka uongezwe walienda mahakamani, na tarehe 28 Aprili 2021 Mahakama Kuu kule London ikasema hapana, kwa sheria ya mwaka 1972 mkutano ni watu kuwa mahali pamoja, mkitaka vingine Bunge libadili sheria. Sisemi tuige kila kitu cha Mzungu. Nasema wale wenye intaneti ya kumwaga waliona kuhamisha mkutano kwenda kwenye kioo ni jambo la kutungiwa sheria. Sisi ambao bando linaisha katikati ya sentensi tumehama kimya kimya, bila sheria, bila kumuuliza mtu.

Na kwa Wanyakyusa wenzangu, hii ya kukaa pamoja na kuongea hatukufundishwa na sheria ya 1982. Tunalo neno ukwangala, kukaa na wenzako mnakula, mnaongea, mnaelewana. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1930 na kutoa kitabu mwaka 1951, alilikuta neno hilo likiwa ndio roho ya vijiji vya marika. Vilikuwa vijiji vya wanaume wa rika moja, sitaki kuvipamba kupita kiasi, mama zetu walikuwa pembeni. Sheria ya sasa imewaingiza mama zetu mkutanoni kwa haki kamili. Itakuwa aibu wawe wameingia kwa sheria halafu watolewe na simu.

Nifanyeje sasa, nilie? Hapana, nina mapendekezo yangu machache na hayahitaji bajeti. Grupu libaki ubao wa matangazo: tarehe, ajenda, hesabu zilizopigwa picha, basi. Maamuzi yafanyike watu wakiwepo, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya kufunga. Tarehe za mikutano minne ya mwaka ziandikwe mapema ukutani kwenye ofisi ya kijiji, zisigongane na siku za chai wala gulio. Jambo la hela au ardhi lianzie kwenye kitongoji, kwa sababu bibi wa kitochi anaweza kutembea mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji hata kama hawezi kupanda mlima mpaka ofisini. Na wenyeviti tuliowachagua tarehe 27 Novemba 2024 waulizwe swali moja rahisi: tangu uingie umeitisha mikutano mikuu mingapi, na daftari la mihtasari liko wapi?

Mwisho niwageukie nyie wenzangu wa ualimu. Wengi wetu tukimaliza tutapelekwa vijijini, na huko mwalimu ndiye anayeandika muhtasari, ndiye anayeombwa awe admini wa grupu. Kalamu na simu vyote vitakuwa mikononi mwetu. Ukishapata makazi pale, na wewe ni mkazi wa umri zaidi ya miaka 18, una haki ya kunyanyua mkono kuuliza mkutano uko lini. Tusianzie huko mbali, hata hapa chuo CR anauliza saa tano usiku testi iwe lini, saa sita anaandika darasa limekubali, na waliokosa bando wanaikuta testi ubaoni. Tukiona hilo ni la kawaida hapa, tutaona ni la kawaida na kule.

Mnaotoka Rungwe, Kyela, Ileje na kwingineko, semeni na kwenu hali ikoje. Kama kijiji chenu kinaitisha mikutano yake minne kwa mwaka, tuambieni mnafanyaje ili wengine waige. Mimi nawahi kipindi cha saa mbili.