Wataalamu wa tabianchi wasisomeshwe kwa kubahatisha

Tarehe 3 Desemba, 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara, yakaua watu zaidi ya 80 na kufukia nyumba na mali. Mwezi Aprili, 2024 Mto Rufiji ulifurika na kuwatoa wananchi katika makazi na mashamba yao. Mapema Mei mwaka huohuo kimbunga Hidaya kikaipiga pwani ya kusini na Kisiwa cha Mafia. Huko Pemba maji ya chumvi yanaingia katika mabonde ya mpunga, na wakulima wa mwani wa Unguja, ambao wengi wao ni akina mama, wanaiona aina ya mwani yenye bei nzuri ikifa kwa sababu ya joto la bahari.

Mambo haya yote yanahitaji watu wenye ujuzi. Lazima awepo mtu wa kusoma takwimu za mvua za miaka 40 na kumweleza mkulima maana yake. Mtu wa kuupima mteremko wa mlima na kusema wapi pasijengwe. Mtu wa kumshauri Mkurugenzi wa Halmashauri kabla daraja halijasombwa, wala si baadaye. Mtu wa namna hiyo haokotwi njiani. Anasomeshwa, na ujuzi huo kwa kawaida hukamilika katika shahada ya uzamili. Sasa swali linalolikabili Taifa ni moja: nani anamlipia?

Ukweli wa mambo ni kwamba, hadi sasa, kwa sehemu kubwa kila mtu anajilipia mwenyewe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, imewasomesha vijana wengi wa wakulima na wafanyakazi ambao wasingeuona mlango wa Chuo Kikuu. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini fungu kubwa la fedha zake linakwenda kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na ni wachache tu wa shahada ya pili wanaofikiwa.

Mfikirie afisa kilimo kijana katika wilaya mojawapo ya mbali. Amesoma kwa mkopo, ameajiriwa, na kila mwezi anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kwa mujibu wa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Kulipa deni hilo ni haki, maana fedha hizo ndizo zinazomsomesha mdogo wake. Aidha, Serikali ilipunguza mzigo mwaka 2021 ilipofuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Lakini kwa kinachobaki kijana huyo anawalisha watoto, anawatunza wazazi, na bado akitaka kusomea tabianchi anaambiwa alete mamilioni ya shilingi za ada.

Na ada ni mwanzo tu. Iko ada ya kuomba nafasi, iko nauli, iko kodi ya chumba mjini. Halafu unafuata utafiti: kusafiri vijijini, kuwalipa wasaidizi, kupima udongo na maji, kuchapa na kuchapa tena. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanamaliza masomo ya darasani, fedha zinawaishia, na tasnifu inalala kabatini mwaka hadi mwaka. Fedha alizokwisha kulipa zinapotea, na wilaya yake inabaki bila mtaalamu.

Kwa utaratibu huu, elimu ya tabianchi inawaendea watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wenye uwezo wa kulipa, na wa pili ni wale waliochaguliwa na mfadhili wa nje. Yule aliyeyaona mafuriko kwa macho yake, anayezijua njia za maji za wilaya yake na lugha ya watu wake, mara nyingi hayumo katika makundi hayo. Hilo ni jambo la kusikitisha, na linapaswa kusahihishwa.

Wako wanaosema kwamba njia ya nje ipo na inatosha. Ni kweli kwamba njia hiyo imewasaidia wengi, na nchi yetu inawashukuru marafiki waliosaidia. Lakini inafaa kuyatazama mambo yanavyokwenda. Nchi za Ulaya ya Kaskazini zilikuwa hazitozi ada kwa wanafunzi wa kigeni. Denmark ilianza kuwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2006, Sweden mwaka 2011, Finland mwaka 2017. Hata Norway ilifanya hivyo mwaka 2023. Ni Norway hiyohiyo ambayo kuanzia mwaka 2009 iligharimia mpango mkubwa wa utafiti wa tabianchi uliovishirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi na taasisi yetu ya hali ya hewa, na kuwasomesha Watanzania wengi. Mwaka 2025 Marekani nayo ililivunja shirika lake la misaada, USAID. Milango inafungwa mmoja baada ya mwingine, na anayeifunga hamwulizi aliyesimama nje.

Kadhalika, neno "bure" linapaswa kutazamwa kwa makini. Vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada, lakini kwa kawaida mwanafunzi wa kigeni asiye na mfadhili hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu kabla ya kupewa viza. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, zilizofungiwa benki na kutolewa kidogo kidogo kila mwezi. Huko Uingereza ada peke yake katika vyuo kadhaa huzidi pauni 20,000 kwa mwaka, na juu yake kuna gharama ya viza na ya huduma za afya. Ni mfanyakazi gani wa Halmashauri anayeweza kuweka kiasi hicho benki?

Ubaya wa kutegemea nje hauishii kwenye fedha. Anayelipa ndiye anayechagua wimbo. Ripoti ya mwaka 2022 ya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, ilieleza kwamba utafiti wa tabianchi unaoihusu Afrika ulipata asilimia 3.8 tu ya fedha za utafiti huo duniani katika kipindi cha miaka ipatayo 30 kuanzia 1990. Na katika hizo kidogo, asilimia 78 zilikwenda kwa taasisi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Taasisi za Afrika zilipata asilimia 14.5. Kwa maneno mengine, hata pale Afrika inapochunguzwa, mara nyingi si Waafrika wanaopewa kazi ya kuichunguza. Maswali yanatungwa mbali, na majibu yanaandikwa mbali.

Taifa hili limewahi kujifunza somo hilo katika fani hiihii. Kwa miaka mingi huduma za hali ya hewa zilikuwa za pamoja, makao makuu yake yakiwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nchi ililazimika kuanzisha idara yake yenyewe kwa sheria ya mwaka 1978. Idara hiyo ilikua ikawa wakala, na mwaka 2019 ikawa Mamlaka. Matunda ya kuwasomesha watu kwa uvumilivu yameonekana. Mwezi Julai, 2023 Mtanzania Ladislaus Chang'a, kutoka Mamlaka hiyo, alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa IPCC. Akili ipo, na kinachotakiwa ni utaratibu.

Yako pia maslahi ya fedha ambayo watunga bajeti hawana budi kuyapima. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi hautoi fedha kwa sababu nchi imepata maafa. Unataka andiko lenye ushahidi: mvua imebadilika kiasi gani, watu wangapi wanaathirika, hatua ipi itasaidia. Benki ya CRDB ilipata ithibati ya mfuko huo mwaka 2019, na mwaka 2021 mradi wake wa kuwasaidia wakulima kwa mikopo na bima ukaidhinishwa. Huo ni mfano kwamba inawezekana. Lakini pasipo na mtu wa kuandika andiko la namna hiyo, huajiriwa mshauri kutoka nje, naye hulipwa kwa fedha za kigeni. Nchi inayokwepa ada ya mwanafunzi wake mmoja huishia kumlipa mgeni mara nyingi zaidi.

Wengine watauliza: je, ni haki kutumia fedha za umma kwa shahada ya pili wakati ziko shule ambazo watoto wanakaa chini? Hilo ni swali la haki na linastahili jibu. Jibu ni kwamba idadi inayotakiwa si kubwa. Tanzania Bara ina Halmashauri 184. Kila Halmashauri ikiwa na mtaalamu mmoja tu wa tabianchi mwenye shahada ya uzamili, wanaotakiwa ni watu 184. Wakisomeshwa kwa awamu nne, ni watu 46 kwa awamu, darasa moja tu. Zanzibar nayo inaweza kufanya hivyo kwa utaratibu wake. Na shule hizohizo ambazo watoto wanakaa chini zitaezuliwa na upepo au kuzama kama hakuna wa kusema zijengwe wapi.

Kwa hiyo hatua zinazofaa ziko wazi. Kwanza, Bodi ya Mikopo ipewe fungu maalumu la shahada ya uzamili katika tabianchi, na anayelipata atie sahihi mkataba wa kurudi kuitumikia Halmashauri yake kwa miaka isiyopungua mitano. Hata ufadhili wa Chevening wa Uingereza unamtaka anayeupata arudi kwao kwa miaka miwili. Taifa linalotoa fedha zake lina haki ya kudai zaidi. Pili, makato ya asilimia 15 yasimamishwe kwa muda mfanyakazi anapokuwa masomoni kwa mkataba huo, yaendelee akirudi kazini. Tatu, fedha za utafiti ziwe sehemu ya gharama tangu mwanzo, ili tasnifu isikwame njiani. Nne, vyuo vipokee ada kwa mafungu yanayolingana na mshahara, na ada ya kuomba nafasi isiwe kizuizi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha shahada ya uzamili ya tabianchi na maendeleo endelevu. Halmashauri hazina haja ya kuvuka bahari kutafuta darasa.

Mkataba huo usiwe wa upande mmoja. Yamekuwapo malalamiko ya wataalamu waliorudi kutoka masomoni wakapangiwa kazi za karani. Anayerudi na shahada ya tabianchi awekwe panapopangwa barabara, visima na makazi, na ushauri wake usikilizwe. La sivyo, Halmashauri itakuwa imelipa ada ya kumwandaa mtu wa kuondoka.

Vijana nao wana wajibu wao. Serikali haiwezi kumjazia mtu fomu. Anayetaka kusoma aanze maandalizi mwaka mzima kabla: vyeti na nakala za matokeo viwe tayari, na barua za wadhamini ziombwe mapema. Afuatilie pia nafasi zilizopo Barani, kama zile za Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika, ambacho taasisi yake ya maji, nishati na tabianchi iko Tlemcen, Algeria. Aulize kama chuo anachokiomba kinakubali barua ya kuthibitisha kwamba alisoma kwa Kiingereza, kwani inaweza kumwokolea gharama ya mtihani wa lugha. Athibitishe kwa Tume ya Vyuo Vikuu kwamba shahada ya nje anayoiendea inatambuliwa nchini. Na ajihadhari na matapeli wanaouza "nafasi za ufadhili". Chevening na DAAD hawamtozi mtu ada ya kuomba. Anayedai fedha ili akupatie ufadhili ni mwizi.

Zaidi ya yote, maelezo ya mwombaji yatoke nyumbani kwake. Wako wanaonakili maneno makubwa wakidhani yatampendeza mfadhili, huku kisima cha kijiji chao kimekauka na hawajakitaja. Anayeandika juu ya kisima hicho, kwa vipimo na kwa ukweli, ana hoja yenye nguvu zaidi, na akirudi ana kazi inayomngoja.

Halikadhalika, wako wahadhiri wanaokaa na maombi ya barua za udhamini hadi siku ya mwisho inapita, na wako waajiri wanaoliona ombi la ruhusa ya masomo kama utoro. Tabia hizo hazifai. Barua inayoandikwa kwa nusu saa inaweza kumpa Taifa mtaalamu wa miaka 30. Anayeichelewesha anawaibia wananchi ambao hata hawamjui.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mvua haitangoji bajeti ya mfadhili, wala mlima hautauliza kama mtaalamu wa wilaya amemaliza tasnifu. Watu 184 si mzigo unaoishinda nchi hii. Wizara, Bodi, vyuo na Halmashauri wakutane, wagawane gharama, na darasa la kwanza la watu 46 lianze.