Mazembe yetu na hii listi isiyokaa

Katika namba iliyopita mlisoma juu ya usafi wa mabweni na juu ya kwaya. Leo tunaomba ruhusa tuongee juu ya mpira, kwani mpira umeleta maneno katika bweni la wavulana, na sisi finalisti tuliopewa kazi ya kulinda utaratibu hatuwezi kujifanya hatusikii. Juma lililopita jezi ya mtu, nyeusi na nyeupe, ilikutwa ndani ya choo. Haikuanguka yenyewe.

Maneno yalianza mbali kidogo. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 2025, siku ya posho, likizo ya Noeli ilikuwa haijaisha. Tulikuwa Baraka, ndani ya nyumba ya video, watu wamejaa mpaka dirishani, jenereta inakohoa nje. Yanga 3, Mazembe 1. Filimbi ilipolia, nusu ya nyumba ikasimama kupiga makofi. Walikuwa Watanzania? Hapana! Walikuwa watoto wa hapa hapa, wa Baraka, wa Mboko, wa Lulimba, wana wa Kongo kabisa. Mmoja akatugeukia, akasema: « Ninyi bakieni kulia na kunguru wenu. »

Ile siku tulirudi nyumbani bila kusemeshana. Sisi wenyewe hatukujua tumkasirikie nani.

Kusema haki, wale waliopiga makofi tunawaelewa. Wazazi wengi wa Fizi walivuka ziwa wakati wa vita ya 1996, na kati yetu wako waliozaliwa kambini Nyarugusu. Kule mtoto anaulizwa kama ni wa Simba ao wa Yanga mbele ya kuulizwa jina la baba yake. Mtu aliyekula ugali wa Kigoma miaka kumi, hamtamfukuza Yanga moyoni kwa siku moja. Lakini wengine hawakupata kuishi kule. Walikuwa wa Mazembe, walilia na Mazembe, halafu wakachoka. Hao ndio wanatuuma, juu ya sababu zao ni sababu zetu pia. Kila msimu mtu anauliza: safari hii nani anacheza mbele? Na hakuna anayejibu.

Wadogo wetu wa kalasi ya kwanza labda hawajui tunalia nini. Mazembe ilianzishwa Lubumbashi mwaka wa 1939 na mapadri Wabenedikto (ndiyo, mapadri, na sisi Waprotestanti tunaipenda vilevile, pasta wetu asikasirike). Ilipoitwa Englebert ilibeba kombe la mabingwa wa Afrika 1967 na 1968. Ikabeba tena 2009, 2010 na 2015. Mwaka wa 2010 iliifunga Espérance ya Tunis magoli 5 kwa 0 kule Lubumbashi, halafu ikaenda Abu Dhabi kwenye kombe la dunia la vilabu, ikaitoa Pachuca ya Mexico 1-0, ikaitoa Internacional ya Brazil 2-0, ikafika fainali mbele ya Inter ya Milano. Ilifungwa 3-0, sawa. Lakini mbele yake hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imefika fainali ile. Tena ilifika bila Trésor Mputu, mchezaji wake mkubwa, aliyekuwa amefungiwa mwaka mzima na FIFA.

Sasa fikirini vizuri: ekipe inapoteza mchezaji wake mkubwa, na bado inafika fainali ya dunia. Juu ya nini? Sisi tunaona ni kwa sababu wale waliobaki walijuana. Kidiaba golini alikuwa na Mazembe tangu 2002 na alikaa mpaka 2015. Watu wanamkumbuka kwa kuruka kwa matako akishangilia, hata sisi tulijaribu uwanjani tukaumia, lakini sisi tunamkumbuka kwa kukaa. Inter walimpiga tatu. Hakuna aliyemfukuza kesho yake. Miaka mitano baadaye, 2015, alikuwa bado pale Mazembe ilipoifunga USM Alger na kubeba kombe la tano.

Na Samatta je? Hapa wasuporta wa Simba watafurahi. Mwaka wa 2011 Mazembe ilicheza na Simba katika kombe la mabingwa, ikamwona kijana Mbwana Samatta, ikamnunua. Michezo ile ile ndiyo ilituletea aibu: Mazembe, bingwa wa Afrika, ilitolewa na CAF kwa sababu ilimchezesha Besala Bokungu ambaye hakuwa na haki ya kucheza. Simba ndio walioshitaki. Mnaona? Hata zamani karatasi ya majina ilikuwa inatuponza. Kosa lile tunalisema wazi, hatufichi. Lakini kijana Samatta walimkamata vizuri. Mwaka 2012 Mazembe ilitolewa nusu fainali na Espérance. Mwaka 2013 ikapoteza fainali ya kombe la Shirikisho mbele ya CS Sfaxien. Mwaka 2014 ikatolewa nusu fainali na Vita Club, Wakongo wenzetu, na hiyo iliuma zaidi. Miaka mitatu ya machozi! Ingekuwa leo, wangekwisha kumwuza yeye pamoja na Thomas Ulimwengu na nusu ya ekipe. Wakamwacha akae. Mwaka wa nne, 2015, akafunga, kombe likaja, na mwanzoni mwa 2016 akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza Afrika. Ndipo akaenda Genk kule Ubelgiji. Aliondoka akiwa ameiva.

Tena 2016 na 2017 Mazembe ikabeba kombe la Shirikisho mara mbili. Tangu hapo, kwa ekipe ya wanaume, kombe la Afrika hakuna. (Dada zetu wa bweni la wasichana wametukumbusha mara nyingi, na tena kwa kelele, kwamba Mazembe ya wanawake ilibeba kombe la mabingwa wa Afrika mwaka wa 2024 kule Maroko. Ni kweli. Tunawapongeza.)

Angalia sasa namna njia iligeuka. Zamani sisi ndio tulivuka ziwa kuchukua mchezaji. Leo wao ndio wanavuka. Tarehe 19 mwezi wa pili 2023 Yanga iliifunga Mazembe 3-1 Dar es Salaam. Katika Yanga ya mwaka ule walikuwamo Djuma Shaban, Yannick Bangala, Fiston Mayele na Tuisila Kisinda, na goli la tatu alifunga Kisinda. Mkongo! Wote wanne walipitia Vita Club ya Kinshasa. Mwezi wa nne Yanga ikaja Lubumbashi, nyumbani kwetu, ikashinda tena 1-0. Mazembe ikamaliza ya mwisho katika kundi. Mayele akatoka Yanga akaenda Pyramids ya Misri, na mwaka wa 2025 akabeba nao kombe la mabingwa, akafunga hata katika fainali. Tulipiga makofi na huku roho inauma.

Mtasema hao walikuwa wa Vita, siyo wa Mazembe. Haya, tumwangalie Jean Baleke. Huyo alikuwa wa Mazembe. Mwezi wa kwanza 2023, wakati Mazembe inajitayarisha kucheza makundi ya Afrika, alipelekwa Simba kwa mkopo. Mwezi wa nne, robo fainali ya kombe la mabingwa, Simba ilishinda Wydad ya Casablanca 1-0 kule Dar es Salaam. Aliyefunga ni nani? Baleke. Simba walitolewa baadaye kwa penalti, lakini sisi hatukujali tena Simba. Tulijiuliza neno moja tu: ni nani aliketi Lubumbashi, akachukua kalamu, akasema huyu tunaweza kumwazima sasa hivi, mbele ya makundi? Pengine alikuwa na sababu zake. Sisi wasuporta hatukuelezwa hata moja.

Hatutaki kuwa wajinga. Tunajua franga. Mwaka wa 2021 shampiona ya Tanzania iliuziwa Azam haki ya televisheni kwa miaka 10, shilingi zaidi ya miliari 225 za kwao. Hapa kwetu shampiona ya 2022–2023 haikumalizika hata, bingwa hakupatikana. Mchezaji ana mke, ana mama mgonjwa, ana wadogo wanaosubiri minervale kama sisi tunavyosubiri. Akiitwa mahali penye mechi kila juma na mshahara wa kila mwezi, abaki kwa nini? Kijana anayevuka ziwa hatumlaumu. Baba zetu nao walivuka.

Tunachokataa ni haraka. Mwaka wa 2024 Mazembe ilifika nusu fainali ya kombe la mabingwa. Ilitoka 0-0 na Al Ahly Lubumbashi, ikafungwa 3-0 Cairo. Al Ahly siyo watoto, kufungwa nao siyo aibu. Tulisema: ekipe imepatikana, sasa waiache. Msimu uliofuata ndio ule wa nyumba ya video. Mazembe ya mwisho tena katika kundi lake. Hata Yanga hawakupita, tuwakumbushe na wale wapiga makofi!

Na hapa tuwe wakweli, maana gazeti la shule ya kanisa haliwezi kuchapa nusu ya ukweli. Nani anawasukuma wakubwa wa klabu kubadilisha kila wakati? Ni sisi. Mshambuliaji akikosa goli mara mbili, sisi ndio wa kwanza kupiga kelele: mtoe! Antrenere akipoteza mechi mbili tunataka mwingine. Wakileta mgeni tunashangilia jina lake mbele hatujaona mguu wake. Mnaukumbuka ule mfano wa mtini uliokaa miaka mitatu bila matunda? Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi, auchimbie na kuutilia mbolea. Katika nyumba ya video ya Baraka wote ni wenye shamba. Mtunza hatujamwona.

Tena tuna kesi ya karibu zaidi. Wote mnajua kwamba komite inayochagua ekipe ya shule ni sisi, na hatuwezi kumtupia mwingine mzigo huu. Muhula uliopita tulifungwa 4-1 na shule ya jirani. Jioni ile ile tukaketi chini ya mwembe, tukatoa watu sita, pamoja na golikipa, kijana wa kalasi ya tatu ambaye magoli mawili kati ya yale manne hata Kidiaba asingeyaona. Tukaweka wapya. Tukafungwa 3-0. Tukabadilisha tena watu watano. Tukafungwa 2-0, na mmoja wetu akasema « tunaendelea vizuri, magoli yanapunguka », tukacheka kama wapumbavu. Kwa mechi tatu tulichezesha magolikipa watatu. Mabeki hawakujua waite jina gani wakirudisha mpira. Halafu usiku bwenini tunaketi tunawahukumu wakubwa wa Lubumbashi!

Yule kijana wa kalasi ya tatu aliacha kuja mazoezini. Saa ya mpira alikuwa anakaa nyuma ya jiko na daftari, anajifanya anasoma. Hakuna aliyemfuata, hata sisi, mpaka lilipotokea jambo la jezi. Tulipokuwa tunauliza nani amefanya vile, wakatuambia jezi ilikuwa ya kwake. Alikuwa amenunua sokoni Baraka kwa franga za ndagala alizobeba likizo nzima pale bandarini.

Aliyeitupa amekwisha kujulikana, amekwisha kuifua kwa mikono yake, na adhabu yake ni mambo ya prefe wa nidhamu, hatutaiandika hapa. Mtu anaweza kupenda Yanga katika shule hii, na Simba, na hata Lupopo kama ana moyo mgumu. Lakini jezi ya mwenzako usiiguse.

Siku ya nne jioni tulimwendea yule kijana nyuma ya jiko, sisi watatu wa komite. Tulimwambia tunaomba radhi na kwamba tunamtaka golini. Alituangalia kwanza. Akauliza: « Na mkifungwa tena? » Tukamwambia kwamba safari hii tumeandika majina 11 kwa mechi tano, tumetia saini, na mwalimu wa michezo ameweka saini yake chini, hata tukifungwa kumi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza glovu ziko wapi.

Listi imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kulia. Mechi ya kwanza ni siku ya posho, saa tisa, uwanja wetu.