Si Unyumbufu: Istilahi ya Metali Ifinyangikayo

Dai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza sayansi ya metali halina mashiko. Mwaka 1934, huko Uingereza, C.E. Pearson alivuta aloi ya bati na bismathi hadi urefu wake ukaongezeka kwa asilimia 1950 pasi na kukatika. Metali za kawaida aghalabu hukatika kabla ya kurefuka maradufu.

Siri imo katika punje za fuwele zinazounda aloi. Punje zikiwa ndogo kuliko takriban mikromita 10, nayo aloi ikipashwa moto kupita nusu ya halijoto yake ya kuyeyukia kwa kipimo cha Kelvini, kisha ikavutwa polepole, punje zenyewe hazirefuki sana. Huteleza, hii ikiipita ile, mithili ya watu wanaopenya katika umati wa sokoni. Nyufa zinazotaka kuzuka kati yazo huzibwa na atomi zinazohamahama. Mvuto ukiharakishwa, atomi hukosa muda wa kuhama, na sifa hiyo hutoweka. Leo vipande vya ndege hufinyangwa hivi kutokana na aloi za titani, kwenye nyuzi 900 hivi za Selisiasi.

Ubishi wa kweli uko kwenye jina. Wapo wanaopendelea "unyumbufu mkuu". Hilo ni kosa la kifizikia: kilicho nyumbufu, kama mpira, hurejelea umbo lake kikiachiliwa, ilhali aloi hii hairejei. "Uplastiki" nao humpeleka msomaji kwenye ndoo na mifuko (ile iliyopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017). Kitenzi kifaacho ni finyanga. Udongo wa mfinyanzi hubaki ulivyoachwa, na chembe zake pia huteleza, ingawa kwa msaada wa maji, si wa joto. Finyanga huzaa finyangika, nacho huzaa ufinyangikaji. Wa aloi hizi na uitwe ufinyangikaji wa kupindukia.

Watakaoguna kwamba neno ni refu, au kwamba la Kiingereza ndilo asilia, wasome historia. Istilahi hiyo iliundwa kwa Kirusi: A.A. Bochvar na Z.A. Sviderskaya waliitumia mwaka 1945 walipochunguza aloi za zinki na alumini. Kiingereza kiliitafsiri baadaye.