Msitutajie Wachina

Kila muhula wa tatu, shule nyingi za sekondari upande huu wa Nyeri hualika mtu wa kuwatia moyo watahiniwa. Huyo mgeni huwasimamisha Form Four, huwapigisha makofi matatu, halafu huanza na Wachina. Ati Mchina halali. Ati Mchina anameza kamusi. Ati siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, madereva kule hukatazwa kupiga honi karibu na shule. Na hata Kiingereza, lugha ambayo mamake haijui, anakisoma mpaka kinamkubali. Sasa wewe wa Gatitu, umezaliwa ukisikia Kiingereza redioni na kwa TV, una kisingizio gani?

Kisingizio kipo. Kimechapishwa kwenye jalada la karatasi ya mtihani, na nitafika hapo. Kwanza tuuangalie huo mtihani wa Wachina, kwa sababu wengi wanaoutaja hawajui umepangwa vipi.

Unaitwa gaokao. Huanza tarehe 7 Juni kila mwaka, na mwaka 2024 ulikuwa na watahiniwa zaidi ya milioni 13. Katika mikoa mingi jumla ya alama ni 750: Kichina 150, hisabati 150, lugha ya kigeni 150, na 300 zinazobaki ni za masomo kama fizikia, kemia, historia na jiografia. Kwenye karatasi ya Kiingereza inayotungwa kitaifa, kusoma na kufahamu kuna alama 50. Unapewa vifungu vinne vyenye maswali 15 ya kuchagua A, B, C au D. Kisha kinakuja kifungu cha tano kilichotobolewa mashimo matano, pamoja na sentensi saba za kuyaziba. Mbili kati yake ni mtego.

Nazijua hesabu hizi kwa sababu zimewahi kunilipia kodi ya nyumba. Kuna mteja wa mtandaoni aliyekuwa akiniagiza vifungu vya mazoezi kwa wanafunzi wa huko: maneno 300, maswali manne, jibu moja la kweli na matatu yanayofanana na ukweli. Siasa hapana, dini hapana, kifo hapana. Nimeandika kuhusu nyuki, kuhusu fundi wa saa, kuhusu msichana anayejifunza kuogelea. Nimeandika hapa hapa Gatitu usiku wa manane, kwa bando la bei rahisi, ili kijana nisiyemjua mahali nisipopajua apate cha kukesha nacho.

Kwa hivyo simdharau huyo kijana. Anateseka kweli. Lakini hebu pima mateso yenyewe. Ufahamu wa Kiingereza ni alama 50 kati ya 750, yaani sehemu moja ya kumi na tano. Tena hakulazimishwa Kiingereza: gaokao inamruhusu kuchagua Kijapani, Kirusi, Kijerumani, Kifaransa au Kihispania badala yake, na wako wanaokimbilia Kijapani kwa sababu Kiingereza kimewashinda. Na karatasi hiyo moja hata akiiboronga, fizikia bado inamwongelesha Kichina. Historia inamwongelesha Kichina. Swali la hisabati analisoma kwa lugha aliyotumia kuomba chakula akiwa na miaka miwili.

Sasa rudi kwetu.

Kwenye ratiba ya KCSE, ufahamu wa Kiingereza uko Paper 2. Karatasi hiyo ina alama 80, na kifungu cha kwanza cha ufahamu kina 20. Wengi hudhani mambo yanaishia hapo. Lakini chukua karatasi ya biolojia, ya kilimo, ya historia, usome maagizo ya jalada. Kuna moja fupi sana: mtahiniwa ajibu maswali kwa Kiingereza. Liko hata kwenye karatasi ya hisabati. Hisabati, bana.

Maana yake ni kwamba mtoto wa Gatitu hafanyi karatasi moja ya ufahamu wa Kiingereza. Ukiondoa Kiswahili, na labda lugha nyingine moja kama amechagua, anafanya ufahamu wa Kiingereza katika kila karatasi, siku baada ya siku, huku ratiba ikiuita kemia, ikiuita jiografia, ikiuita biashara. Mchina ana somo gumu. Sisi tuna ukuta, na masomo yote yako upande wa pili.

Chukua maneno mawili madogo ambayo watungaji wa maswali wanayapenda: "account for". Maana yake ni eleza sababu. Nimewahi kukaa na mtahiniwa mmoja tukipitia maswali ya mazoezi ya kilimo. Kwao wanafuga ng'ombe, na yeye ndiye hukata majani na kukama kabla ya shule. Swali lilimtaka "account for" ng'ombe kuvimba tumbo baada ya kula luseni mbichi. Akaandika vizuri kabisa: tumbo hujaa upande wa kushoto, ng'ombe hukataa kula, huhema kwa shida. Yote ni kweli, na yote ni sifuri, kwa sababu aliulizwa sababu naye akatoa dalili. Nikamuuliza kwa Kikuyu, kwa nini ng'ombe huvimba? Akanijibu kabla sijamaliza: gesi hunaswa kwenye povu tumboni, ng'ombe akashindwa kuitoa kwa kucheua hewa. Akaongeza kwamba wao huianika luseni kidogo kwanza ndipo wampe. Huyo ni mtu anayejua kilimo. Karatasi ingemwandika mjinga wa kilimo, na hiyo alama ingemfuata hadi kwenye gredi, na gredi ingemfuata hadi mlangoni mwa chuo, ambako C+ ndiyo inayoamua nani anaingia kusomea digrii.

Basi tuseme ukweli kuhusu tunachopima. Tunajiambia tunapima kilimo, biolojia, historia. Kwa kiasi kikubwa tunapima ni nani alilelewa nyumba yenye Kiingereza mezani. Mtoto wa akademia ya mjini aliyesomewa hadithi za Kiingereza kabla ya kulala ameanza mbio akiwa mita hamsini mbele. Halafu mwishoni tunampa zawadi, tunamwita "bright".

Serikali yenyewe imeona nusu ya tatizo. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, iwe Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, pamoja na masomo mengine matano bora. Watu walishangilia, wakasema Kiingereza hakimfungii mtoto tena. Lakini wapi. Umekiondoa mlangoni ukakiacha katika kila chumba. Yule aliyeangushwa na Kiingereza kwenye karatasi ya Kiingereza anaangushwa nacho tena kwenye kemia, ila safari hii hakuna anayekitaja. Tunasema hajui kemia.

Hili halikuanza jana. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, huko Tetu, alisoma shule ya misheni ya Mathari, hapa hapa Nyeri. Katika kitabu chake cha maisha alichotoa mwaka 2006 anaeleza kuhusu kifungo walichovalishwa wasichana waliopatikana wakiongea lugha ya mama, kifungo chenye maneno ya kumdhalilisha aliyekivaa. Kilizunguka siku nzima kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na aliyebaki nacho jioni aliadhibiwa. Shule nyingi za Kenya zimekuwa na kifaa cha aina hiyo, na wengi wetu wa miaka ya ishirini tunakijua kwa jina la disc. Najua kuna atakayesema: si unaona, akavaa kifungo na akapata Nobel mwaka 2004! Sawa. Na waliovaa kifungo hicho wakaishia kunyamaza darasani, wakarudi nyumbani wakiamini hawana akili, nani alihesabu? Ukitaka kujua kama daraja ni zuri, usimuulize tu aliyevuka.

Najua pia mengine yatakayosemwa, kwa hivyo niyajibu.

Kuna atakayesema mimi mwenyewe ninakula kwa Kiingereza. Kweli kabisa. Sina digrii, chuo nilikiacha katikati, na kazi nyingi zinazonilipa ni za Kiingereza. Ndiyo maana nataka kifunzwe vizuri kuliko kinavyofunzwa sasa: kama somo, kwa vipindi vyake, na vitabu vya hadithi ambavyo mtoto anaruhusiwa kuvibeba nyumbani. Spana ni chombo kizuri sana, lakini hakuna fundi anayekula ugali kwa spana. Kumfunza mtoto Kiingereza ni jambo moja. Kumnyima alama za ng'ombe kwa sababu ya Kiingereza ni jambo lingine.

Kuna atakayesema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Usanisinuru ni nini, basi? Kani, kasimawimbi, hewa ya ukaa, umeng'enyaji? Maneno yapo, na watoto wa shule za msingi za Tanzania wanajifunza sayansi kwa Kiswahili. Ni kweli kwamba Tanzania nayo inawageuzia watoto Kiingereza wanapofika sekondari. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba hilo likome, na serikali ikakataa. Kwa hivyo sisemi tuwaige. Nasema tu kwamba kilichokosekana hakikuwa maneno.

Na kuna atakayecheka, aseme: wewe wa Nyeri ndiwe unatuletea Kiswahili? Huku ambako L na R hupigania kiti kimoja? Cheka, una haki. Kiswahili chetu kina matope ya kutosha. Kuna mtoto huku ambaye Kiswahili cha mtihani ni kigumu kwake kama Kiingereza tu, na huyo hatasaidika ukimpokonya fimbo moja ukamchapa na nyingine. Ndiyo maana siombi karatasi za Kiswahili peke yake. Naomba lugha mbili bega kwa bega, swali hilo hilo kushoto kwa Kiingereza na kulia kwa Kiswahili, mtoto asome zote mbili, ajibu kwa inayompa nafasi ya kuonyesha anachojua. Neno likimkwama upande mmoja, la upande wa pili linamnyanyua. Afrika Kusini huchapa karatasi zake za mwisho wa sekondari kwa Kiingereza na Kiafrikana. Ubaya wao ni kuwaacha nje wenye Kizulu na Kixhosa kwa miaka yote hiyo, lakini wamethibitisha kwamba karatasi yenye lugha mbili inatungwa, inasahihishwa, na mbingu hazianguki.

Wakati wenyewe ni sasa. Watoto wa kwanza wa mtaala mpya wameingia Gredi ya 10 Januari 2026, na kundi la mwisho la KCSE litafanya mtihani 2027. Kila kitu kinatungwa upya: vitabu, mitihani, hata majina ya madarasa. Tusipogusa lugha ya swali, tutakuwa tumepaka ukuta ule ule rangi mpya.

Kwa hivyo madai yangu ni matatu. Moja, karatasi za sayansi, hisabati na masomo ya jamii zichapwe kwa lugha mbili. Mbili, jibu sahihi la biolojia lililoandikwa kwa Kiswahili lipewe alama ya biolojia. Tatu, walimu wafundishwe kufundisha hivyo. Chuo cha ualimu cha Kagumo, kinachofunza walimu wa sekondari, hakiko mbali na hapa ninapoandikia. Mtu anaweza kuanzia hapo bila hata kusubiri Nairobi.

Wala haya si mapinduzi. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Mwananchi anaruhusiwa kuihutubia Bunge kwa Kiswahili, lakini mwanawe haruhusiwi kueleza kwa Kiswahili kwa nini ng'ombe amevimba. Nani aliandika agizo lile la jalada, na alilitoa wapi? Hilo ndilo swali ambalo wazazi wanapaswa kuuliza siku ya mkutano shuleni, kwa sauti, kwa lugha yoyote waliyo nayo.

Na yule mgeni akija tena muhula wa tatu, akianza na Wachina, mtahiniwa mmoja anyooshe mkono amuulize kwa adabu: samahani mwalimu, Wachina hufanya fizikia kwa lugha gani?