Usiuze jiriwa la babu kwa kilo

Utakapokwenda mashambani likizo ijayo, hebu fanya jambo moja kabla hujaketi chini ya mwembe kunywa chai. Zunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye kile kibanda ambacho babu, baba au mjomba alikuwa akifanyia kazi zake za mikono. Ondoa magunia. Huenda ukaona pande la chuma lililoota kutu, lenye taya mbili zilizoumana na mpini uliopita katikati. Kuku hulala juu yake na watoto hulidhani ni takataka. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu naye ameshapita na mizani yake, na akirudi huenda akaondoka nalo.

Hilo ni jiriwa. Mafundi wengi wa jua kali huliita vaisi. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kubana. Hubana chuma kinachopigwa tupa, bomba linalokatwa, au shoka linalonolewa. Fundi asiye na jiriwa hulazimika kukanyaga kazi kwa mguu au kumwita mtoto amshikie, na hapo ndipo vidole huumia. Ndiyo maana mafundi husema jiriwa ni mkono wa tatu.

Leo nataka tuzungumze juu ya majiriwa ya zamani: jinsi yalivyofika Ukambani, namna ya kuyafufua, na sababu ya kutoyauza kwa kilo. Ng'ambo, hasa Uingereza na Marekani, wako watu wanaoyakusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Huyasafisha, huyapaka rangi na kuyapanga rafuni. Sisi tunaweza kuyakusanya pia, lakini tunayo sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

LILIFIKAJE UKAMBANI?

Chukua mfano wa Kalamba, kaunti ya Makueni, ambako leo watu wengi hupajua kwa sababu ya kiwanda cha kusindika maembe. Ukitoka huko na kuelekea kusini-magharibi utafika kwenye reli, na reli ndiyo mlango mmoja ambao zana hizi zilipitia. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka wa 1896. Ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, ilikuwa imekwisha kupita Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud. Reli haijengwi kwa mikono mitupu. Penye injini pana karakana, na penye karakana pana jiriwa. Mafundi wengi walitoka Bara Hindi, na hekalu la Masingasinga pale Makindu, lililojengwa mwaka wa 1926, ni kumbukumbu yao hadi leo.

Hata kabla ya reli, misheni ya Waskoti iliyoanzishwa Kibwezi mwaka wa 1891 ilikusudia kufundisha kazi za mikono pamoja na dini. Baadaye ilihamia Kikuyu.

Usifikiri lakini kwamba Wakamba walisubiri wageni ndipo wajue chuma. Wahunzi wao walikuwa mashuhuri kwa mikufu myembamba ya chuma na shaba, iliyotengenezwa kwa nyundo, koleo na subira. Jiriwa lilipokuja lilikuta watu ambao tayari wanajua kufua.

Mlango wa pili ulikuwa jeshi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, zana nyingi za jeshi la Uingereza ziliuzwa kwa raia. Ukiona alama ndogo ya mshale iliyogongwa kwenye chuma, mistari mitatu inayokutana juu, ujue kifaa hicho kiliwahi kuwa mali ya serikali ya Uingereza.

Mlango wa tatu ni shule, na huu unatuhusu zaidi. Vyuo vya ufundi vya vijijini vilianza kuenea nchini mwishoni mwa miaka ya 1960. Kisha mwaka wa 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, uliosisitiza kazi za mikono. Wazazi, kule Kitui na Makueni kama kwingineko, walichanga pesa za Harambee kujenga karakana. Meza za mbao zikapangwa, majiriwa yakafungwa kwa bolti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ulipunguzwa, na sanaa na ufundi zikaondolewa katika mtihani wa darasa la nane. Karakana nyingi zikageuka kuwa madarasa au stoo. Majiriwa yakabaki pembeni, yakila vumbi na kutu.

LISOME KABLA YA KULIGUSA

Ukipata jiriwa kuukuu, usikimbilie nyundo. Kwanza lisome. Pangusa ubavu wake kwa kitambaa chenye mafuta na utafute jina. Mengi yaliyofika kwetu yalitoka Uingereza. Record lilitengenezwa Sheffield, mji wa chuma, na mara nyingi lilipakwa rangi ya buluu. Parkinson lilitoka Shipley, karibu na Bradford, na lilisifika kwa kifaa kinachoachilia parafujo ili taya ivutwe mara moja bila kuzungushwa sana. Utaweza pia kukutana na Woden na Paramo. Kutoka Marekani kuna Wilton, lililoanzia Chicago mwaka wa 1941 na ambalo mgongo wake ni mviringo kama risasi.

Pili, pima taya. Za inchi 4 zinatosha kazi nyingi za nyumbani. Za inchi 6 ni za karakana, na jiriwa lenyewe huweza kufika kilo 25 au zaidi. Usilibebe peke yako.

Tatu, tafuta ufa. Majiriwa mengi ya zamani yalitengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hiki hustahimili kubanwa lakini hakipendi kupigwa, na kikizidiwa hupasuka badala ya kupinda. Liinue kidogo uligonge polepole kwa nyundo ndogo. Likilia kama kengele, kuna matumaini. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, lichunguze tena mwangani, hasa chini ya taya na kwenye matundu ya bolti.

Nne, zungusha parafujo. Meno yake yakiwa yamelika, nati iliyo ndani inaweza kutengenezwa upya kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea. Mwili ukiwa umevunjika vipande viwili, basi hilo lipeleke kwa kilo bila majuto. Si kila cha kale ni dhahabu.

KAZI YA JUMAMOSI MBILI

Kazi ya kulifufua haihitaji mtambo wala utajiri, na kijana wa kidato cha pili anaweza kuifanya akiwa na mzazi karibu.

Anza kwa kulilainisha. Changanya mafuta taa na oili nyepesi, umimine kwenye parafujo, nyuma ya taya na penye kila skrubu. Acha usiku kucha, mbali na moto. Asubuhi jaribu kuzungusha mbele kidogo, nyuma kidogo. Likikataa, ongeza mafuta usubiri tena. Haraka haraka haina baraka, na skrubu ikikatika ndani utatumia siku nzima kuitoa.

Likifunguka, lipige picha kwa simu kabla ya kulivunjavunja ili ujue kila kipande kinarudi wapi. Mara nyingi utakuta pini ndogo, washa na springi kwenye parafujo. Ukitoa pini hiyo, taya ya mbele huvutika nje. Angalia hapo! Taya hiyo ni nzito, na wengi imewaangukia vidoleni.

Sasa kutu. Kwa sehemu kubwa tumia brashi ya waya. Kwa sehemu ndogo tumia siki kwa siku moja, kisha uzisuuze kwa maji yenye magadi na uzikaushe papo hapo. Iko pia njia rahisi kwa mtu wa mashambani: molasi ile inayouzwa kwa wafugaji. Changanya kipimo 1 cha molasi na 9 vya maji katika ndoo ya plastiki, utumbukize vipande, ufunike ili nzi na ng'ombe wasikaribie. Baada ya wiki moja au mbili kutu huwa imelainika na kutoka kwa brashi. Osha vizuri, kausha juani, kisha paka mafuta bila kuchelewa, kwani chuma kilichosafishwa hushika kutu upya kwa muda mfupi.

Neno juu ya rangi ya zamani. Rangi za miaka hiyo zilikuwa na risasi mara nyingi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe, ikwangue, funika pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi, kusanya mabaki, na unawe kabla ya kula.

Tazama vile vipande viwili vya chuma kigumu vilivyofungwa kwenye uso wa taya kwa skrubu. Vikiwa vimelika au vimepotea, fundi wa jua kali atakukatia vingine kutoka springi kuukuu ya gari. Ufa mdogo kwenye mwili unaweza kuungwa kwa shaba ya njano, lakini kazi hiyo mwachie fundi anayeielewa. Chuma cha kusubu hutaka kupashwa moto polepole na kupozwa polepole zaidi, kwa mfano kwa kufukiwa ndani ya majivu. Kikipozwa kwa maji hupasuka.

Mwisho, paka rangi mwili tu. Usipake kwenye meno ya parafujo wala penye kuteleza, hapo panataka grisi. Jina la mtengenezaji usilisage. Likiwa limeinuka, lipake rangi tofauti lionekane, maana hilo ndilo cheti chake cha kuzaliwa.

Ukilifunga mezani, juu ya taya pawe usawa wa kiwiko chako ukisimama. Taya isiyosogea itokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, ili bomba refu liweze kubanwa wima. Baada ya hapo sheria ni mbili: usivishe bomba kwenye mpini ili kukaza kwa nguvu, na usiligeuze kuwa fuawe. Kazi ya nyundo nzito ina fuawe lake.

KILO AU KAZI?

Sasa turudi kwa yule mnunuzi mwenye mizani. Yeye hapimi ufundi, hupima uzito. Kwake jiriwa la Sheffield ni sawa na rimu ya baiskeli iliyopondeka. Pesa atakazokupa huisha kwa unga na sukari kabla wiki haijakwisha, na jiriwa huyeyushwa likawa vyuma vya ujenzi. Lakini lifungie meza pale sokoni, na kesho yake kuna plau ya kunyooshwa, pampu ya kisima ya kufunguliwa, mkokoteni wa kurekebishwa. Huko Ukambani, ambako mvua ikikosa mazao hukosa, mkono unaojua kutengeneza ndio ghala la pili la nyumba.

Wafikirie pia vijana wetu. Kila mwaka wanafunzi huhitimu kutoka vyuo vya ufundi wakiwa na cheti mkononi na bila zana hata moja. Jiriwa jipya lililo imara ni ghali, na lililo rahisi mara nyingi huvunjika mapema. Wakati huohuo, la babu yake linalala chini ya kuku. Jamani, akili iko wapi?

Ila tuwe waangalifu. Jiriwa la shule ya umma si mali ya mwalimu mkuu wala ya bawabu. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka wa 2015 inataka vifaa vilivyochakaa viuzwe kwa utaratibu ulio wazi. Iko pia Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka huohuo, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke rekodi ya anachonunua. Mtakumbuka kwamba Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Basi ukiuziwa jiriwa njiani usiku, likiwa bado na bolti na kipande cha mbao, usiulize bei. Uliza limetoka wapi.

Kwa wazazi walio katika kamati za shule nina ombi. Kabla hamjapitisha uamuzi wa kuuza vyuma vya stoo, fungueni mlango mhesabu majiriwa. Mtaala wa umilisi umeurudisha ufundi mezani, na huenda shule yenu ikawa inatafuta pesa za kununua kile ambacho tayari inacho.

Na wewe mwanafunzi wa mjini, huu ni mradi mzuri wa likizo. Tafuta moja, lisafishe, andika katika daftari lilitoka wapi na nani alilitumia. Ukimaliza, mwulize nyanya ni kitu gani cha kwanza ambacho babu alitengeneza kwalo. Kisha libane na unoe panga la nyumbani mbele yake.

Jumapili njema, na tahadhari na vidole!